Fomu Mbili Chini ya Kopo la Sukari

Mpiga picha wa kwanza niliyemwona maishani alifika Port Victoria kwa baiskeli, na juu ya keria alikuwa amefunga kitambaa kilichoviringishwa kama mkeka. Alipokitundika kwenye ukuta wa ghala la samaki tuliona ngazi za mawe zinapanda, na juu ya ngazi chungu cha maua mekundu ambayo hayakuwa yakimea mahali popote tulipopajua. Wakubwa walijua ni rangi tu. Mimi nilikuwa na miaka sita, labda saba, nikazunguka nyuma ya kitambaa kutafuta zile ngazi zinaishia wapi, nikakuta ukuta na mbwa amelala. Shangazi yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi, na ambaye siku hiyo alikuwa amenawa mikono mara tatu na bado ananukia kazi yake, alinivuta akanisimamisha kando yake. Mpiga picha akaniambia, "Kijana, usipumue mpaka nikwambie." Akaingiza kichwa ndani ya lile gunia jeusi la kamera. Hapo hapo mtu akamwita kutoka barabarani. Akatoa kichwa, akaenda kusalimia, na wale walikuwa watu wa kusalimiana kwa kirefu, mpaka habari za ng'ombe mmoja mmoja. Mimi sikuwa nimeambiwa nipumue. Nikakaza. Niliona ziwa linakuwa jeusi kuanzia pembeni, halafu sikuona kitu tena. Waliniamsha kwa maji ya ndoo ya kuoshea samaki, na wiki nzima watoto waliniita Ngege, jina la samaki wetu wa ziwani. Picha ilipigwa vile vile. Shangazi amesimama wima kama askari, na karibu na miguu yake kuna kitu kama gunia lililoanguka. Hilo gunia ni mimi.

Nimeanzia mbali, najua. Lakini kila nikikumbuka mwaka ule wa Migosi, mtaa mmoja wa Kisumu, kitu cha kwanza kunijia ni hicho kifua kilichokaza, hewa imefungiwa ndani, na mtu aliyepaswa kusema "pumua" amekwenda kuongea na wengine. Na kweli ni picha iliyonirudisha huko. Mwaka jana tulimzika Mama Risper nyumbani kwao, mbele kidogo ya Kombewa. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wetu. Nilikwenda na fimbo yangu na koti langu la mazishi, nikakaa kwenye viti vya nyuma, nikala wali na nyama kama mtu yeyote. Baada ya kula, binti yake Risper, ambaye nilimwacha msichana wa kubeba maji na sasa ni bibi mwenye miwani, alikuja na bahasha. "Mzee Wasonga," akasema, "Mama alisema hii ni yako." Ndani kulikuwa na picha: vijana wawili wamesimama mbele ya kitambaa kilichochorwa meli na mawimbi ya buluu. Mmoja ni mimi, nimeshika orutu yangu kifuani. Mwingine ni Sila. Mzee aliyekaa kando yangu akainamia picha, akaitazama sana, akaniuliza, "Huyu ni wewe. Na huyu mrefu yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Utakosaje kujua, bwana, na mmeshikana hivi?" Nikaenda kutafuta chai.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, na mimi nilikuwa na miaka ishirini kasoro kidogo. Shule niliachia darasa la kwanza, na hapo sitakaa sana, maana si hadithi ya maana. Nilijua kupiga orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja, basi. Sila alikuwa na kidato cha nne na cheti chake, alikuwa na sauti, na alikuwa na kitu kingine ambacho mpaka leo sijapata jina lake. Akiingia mahali watu waliacha walichokuwa wakifanya. Tulikaa chumba kimoja kwa Mama Risper, katika ile safu ya vyumba sita, sisi wa pili kutoka chooni. Kitanda kimoja chake, mkeka mmoja wangu, jiko la mkaa, sufuria mbili, na meza iliyokuwa na mguu mfupi ambao tuliuwekea kipande cha matofali. Juu ya meza kulikuwa na kopo la sukari. Likumbuke hilo kopo. Upande wa pili wa ukuta alikaa Mama Risper mwenyewe, na ule ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba hivi kwamba akifunua sufuria tulijua ni omena, wale dagaa wetu, au ni mboga.

Tulikuwa na mchezo wetu. Leo vijana wana jina lake la kizungu, sisi tulisema tu mchezo wa kuimba. Tuliutunga wenyewe, hakuna aliyetufundisha, na tuliuzungusha kwenye kumbi za makanisa na shule za Kisumu nzima. Ni hivi: mwanamume anapanda mashua, mashua inasukumwa, na ikishafika katikati ya maji anagundua aliyekaa nyuma yake ni mama mkwe wake. Msomaji wa kwetu ameshaanza kucheka. Kwetu mkwe hamtazami mama wa mke wake usoni, wala hakai naye karibu. Akimwona njiani anaingia kichakani. Sasa ndani ya mashua utaingia kichaka gani? Mimi nilikuwa yule mkwe. Nilikaa kwenye benchi, mgongo kwa mama mkwe, uso kwenye ukuta wa kando, nikipiga orutu kujifanya sijui kuna mtu. Sila ndiye alikuwa mama mkwe, amejifunga leso ya Mama Risper na kitambaa kichwani, miguuni patipati za Mama Risper zilizokuwa ndogo kwake, akiimba nyuma yangu mambo yote ambayo mama mkwe hujizuia kusema miaka ishirini. Watu walilia kwa kucheka. Na mwishoni kuna wimbo mmoja wa upole, mashua inakaribia ufuko, ambapo kicheko kilizima na nilisikia akina mama wakivuta makamasi. Mimi sikuwahi kuona alivyokuwa akifanya. Miaka miwili niliucheza ule mchezo nikiwa nimempa mgongo. Nilimjua kwa sauti na kwa zile patipati, pata, pata, pata, zikipita huku na huku nyuma yangu.

Basi mwaka ule Sila aliomba nafasi kwenye vyuo viwili. Kimoja kilikuwa Nairobi, ambako kulikuwa na masomo ya miaka miwili ya kuimba na kuigiza jukwaani, na walimu waliosomea kazi hiyo hiyo. Kingine kilikuwa cha kanisa, kando ya ziwa upande wa Seme, ambako walikuwa wanaanzisha masomo ya michezo ya kuimba, habari za manabii na mitume zaidi, za kuzungusha parokia hata parokia. Vyuo vyote sasa vimebadilika na majina yake sitayataja. Nairobi tulikwenda wote wawili kwa treni, orutu yangu nimeifunga kwenye shuka. Tulipofika mlango wa chumba cha intavyuu, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu aliniuliza mimi ni nani. Sila akasema, "Ni mwenzangu, ndiye ananipigia." Yule mama akasema, "Pole, kijana. Humu kuna piano." Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi ya korido, nikamsikiliza Sila akiimba na piano kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nilitaka ishindwe kumfuata. Nasema ukweli, mimi ni mzee, nitadanganya nani sasa. Nilitaka ile piano ijikwae. Haikujikwaa. Ilipita chini ya sauti yake kama maji chini ya mashua, na yeye akaenda mahali ambapo uzi wangu mmoja haukuwahi kumfikisha. Nilifungua shuka, nikaitazama orutu, nikaifunga tena.

Kule Seme ilikuwa tofauti. Mkuu wa chuo, Mchungaji Abuto, alikuwa mtu mfupi wa kicheko kirefu. Alitukaribisha nyumbani kwake, tukala kuku, tukamchezea mashua yetu palepale sebuleni, mimi nimeangalia kabati la vikombe. Tulipomaliza alifuta macho, akasema, "Sila, nafasi yako ipo. Na wewe wa uzi mmoja, unasoma?" Nikasema, "Sina herufi, Mchungaji." Akasema, "Herufi zinanunuliwa wapi? Njoo naye. Utawapigia wanafunzi, utakula jikoni, na jioni mke wangu atakufundisha kusoma na kuandika." Halafu akatutazama sote wawili. "Lakini nyinyi mnakuja pamoja. Akija yeye ndiyo wewe unakuja, wa uzi mmoja. Bila yeye nitakufanyia nini?" Akacheka. Mimi pia nilicheka. Sila alikuwa anatazama mfupa kwenye sahani yake.

Barua zilikuja wiki moja, Jumanne na Alhamisi. Amekubaliwa Nairobi. Amekubaliwa Seme. Kila barua ilikuwa na fomu ndani, ya kujaza na kurudisha, na kwenye kila fomu kulikuwa na kisanduku kitupu cha kubandika picha. Ya Nairobi ilikuwa na muhuri wenye mnyama, ya Seme muhuri wenye msalaba. Hivyo ndivyo nilivyozitofautisha. Sila alizikunja akaziweka chini ya kopo la sukari, akasema, "Nitafikiria." Wiki tatu hakusema kingine. Wewe jaribu kukaa chumba kimoja na mtu ambaye anafikiria. Kila asubuhi ilibidi tuinue kopo kuweka sukari kwenye chai, na kila asubuhi zile karatasi zilikuwa pale. Baada ya siku chache nikaanza kuchota sukari bila kuinua kopo. Halafu nikaacha kuweka sukari. Sila aliniuliza siku moja, "Siku hizi unakunywa chai chungu?" Nikasema tumbo. Akasema, "Tumbo!" akacheka kidogo, na hicho ndicho kicheko pekee ninachokumbuka cha wiki zile.

Migosi nzima ilikuwa na maoni. Mama Risper alileta yake kwenye sahani, ugali na omena, akakaa mlangoni kutazama tukila. "Hiyo chuo ya Nairobi," akasema, "iko na nini ambayo hakuna hapa?" Sila akasema, "Iko na piano, Mama." "Piano! Kanisani kwetu kuna kinanda, hakuna mtu anakishika, panya ndiyo inazaa ndani. Nikuletee?" Mama Risper akasema tena, "Mtu anaenda Nairobi anarudi hajui kusalimia. Jirani yangu mtoto yake ilirudi inaniita 'Madam'. Mimi, Madam!" Akanitazama. "Na wewe, nyathina, mwanangu, mbona humwambii kitu? Wewe ndiye ndugu yake." Nikasema, "Ni mambo yake, Mama." Nilisema hivyo kwa mdomo. Ndani nilikuwa nimeishika nyumba ile ya Seme, jiko lile, ile taa ya jioni ambayo sikuwa nimeiona bado, na mke wa Mchungaji ananionyesha herufi ya kwanza.

Siku nyingine, alasiri, nilikuwa nimelala mkekani na wao walidhani nimetoka. Sauti zao zilipita kwenye mbao. Mama Risper alikuwa anachambua mboga, nasikia majani yakikatika. Sila akasema, "Mama, nikienda Nairobi Wasonga atafanya nini?" Majani yakakatika. "Wasonga ni mke wako?" "Hapana." "Basi." Akakata majani tena, akasema, "Lakini ukimwacha utakuwa umemwacha. Hiyo pia usijifiche." Ndipo Sila akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka nywele zimekuwa hivi: "Mimi naimbia mgongo yake miaka mbili, Mama. Najua hiyo mgongo kuliko uso. Kule Nairobi kuna watu watano walinitazama. Watano, na hakuna aliyecheka. Walinitazama tu mpaka nikamaliza." Mama Risper akasema, "Na ulisikia namna gani?" Sikusikia jibu. Ningetoka pale, ningegonga mlango, ningesema, omera, ndugu yangu, nenda. Ni neno moja. Nilibaki mkekani nikihesabu misumari ya mabati.

Hapa lazima nieleze ile picha. Tulipigwa mwanzoni mwa mwaka, studio moja karibu na kituo cha mabasi, mbele ya kile kitambaa cha meli. Tulitolewa nakala mbili. Moja Mama Risper aliipora hapo hapo akaitundika kwake, nyingine tuliichomeka kwenye ukuta wetu juu ya meza. Sasa ilikuwa wiki ya mwisho. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka fomu posta, na Jumapili kabla ya hapo tulikuwa na mchezo kwenye ukumbi wa kanisa pale pale Migosi, na Mchungaji Abuto alikuwa ametuma salamu kwamba atakuja. Jumamosi Sila alitoka asubuhi kufuata sabuni. Nikainua macho kwenye ukuta nikaiona picha. Niko mimi, na orutu yangu, na kando yangu kuna shimo la mraba. Meli imekatwa katikati. Amekata uso na mabega, vizuri, kwa wembe na rula, na mkono wake umebaki begani kwangu, vidole vinne vinaonekana. Nikaenda kwenye meza. Nikainua kopo. Fomu yenye msalaba ilikuwa tupu kama ilivyokuja. Fomu yenye mnyama ilikuwa imejaa wino kila mstari, na juu pembeni Sila alikuwa ananitazama.

Sikuhitaji herufi kusoma hiyo.

Nilirudisha kila kitu. Aliporudi nilikuwa ninapaka utomvu kwenye upinde wa orutu. Akaniambia, "Kesho baada ya mchezo nataka tuongee." Nikasema sawa. Akasema, "Kuna kitu nataka kusema mwenyewe. Kwa mdomo wangu." Nikasema, "Si umesema kesho?" Akanitazama, akatazama ukuta, akatazama kopo. Alijua nimeona. Nilijua anajua. Tulipika nyoyo, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, tukala punje kwa punje, na hakuna aliyeinua kichwa.

Na sasa nieleze desturi moja, kwa mgeni asiyeijua. Kwetu muziki si kitu cha kunyamaziwa. Mpigaji akiwa katikati ya wimbo mtu yeyote anaweza kuinuka akasimamisha. Anatoa chochote alicho nacho, wimbo unakatika, naye anajisifu: jina lake, watu wake, anayempenda, alichofanya, alichofanya nusu na alichoota. Tunaita pakruok. Utasikia mtu anasema, "Simama hapo! Mimi ni Odongo, fahali wa Seme, niliyekunywa mto ukabaki mchanga!" Na watu wanaitika, na mpigaji anaanza pale alipoachia. Sheria yake ni moja. Maneno ya pakruok hayabishwi. Hakuna anayeinuka kusema, "Odongo, mto bado una maji." Ukitaka kujibu unajisifu na wewe, unapanda juu yake, lakini lile la kwanza limeshakaa, limeshakuwa la watu wote. Nimeona ndoa zikitangazwa hivyo kabla ya msichana kuulizwa. Nimeona mtu akiitwa msamehevu na adui yake mbele ya ukumbi, na ikabidi asamehe. Nilizijua nguvu zake vizuri. Hiyo ndiyo shule niliyomaliza.

Watu huniuliza ulifikiria nini Jumapili ile. Sikufikiria. Au nilifikiria wiki tatu nzima na kile ndicho kilichotoka, sijui. Ninachojua ni kilichofuata, na nikiseme sasa ili nisiharibu mwisho. Sila hakufika Nairobi. Waliandika kuuliza, Mama Risper akapata mtu wa kuwajibu. Hakufika Seme. Fomu zote mbili zilibaki chini ya kopo, na viatu vyake vizuri chini ya kitanda. Kuna aliyesema alimwona Busia mpakani, mwingine akasema Jinja, anaimba hotelini, mwingine akasema ni mtu tu anayefanana naye. Mama yake alipata salamu mara moja kwamba mwanawe yu mzima na asitafutwe. Na mimi? Mimi nilikwenda Seme. Ndiyo. Mchungaji alinionea huruma, yule yule aliyesema nitakufanyia nini, akanichukua hivyo hivyo bila Sila. Niliwapigia wanafunzi wake miaka kumi na moja, nilikula jikoni, na jioni mke wake alinifundisha kusoma na kuandika. Herufi hizi unazozisoma hapa ni hizo. Kila moja nimeilipia kwa kitu ambacho hakikuwa changu.

Jumapili ile ukumbi ulijaa kabla ya saa tisa. Jua lilikuwa linaingia kwa milango ya pembeni, watoto wamekaa chini, akina mama kwenye benchi wakijipepea na vitabu vya nyimbo. Mama Risper alikuwa mstari wa mbele, na Mchungaji Abuto kando yake, ameshaanza kucheka kabla hatujafanya kitu. Nilikaa kwenye benchi langu la mashua, uso kwenye ukuta. Rangi ya kijani, na ufa mmoja kama mto. Nikapiga. Nikasikia patipati zinaingia nyuma yangu, pata, pata, pata, na ukumbi ukalipuka. Sijawahi kumsikia akiimba vile. Alikuwa anaaga, sasa naelewa. Alikuwa anampa kila mtu kitu kabla ya kusema. Mara mbili au tatu watu walisimamisha wakajisifu. Mzee mmoja alijiita mamba mwenye meno ya dhahabu, mkewe akapaza sauti kutoka nyuma, "Hata ya kawaida huna!" na watu wakagongana vichwa kwa kucheka. Tukafika wimbo wa mwisho, ule wa upole, ufuko unakaribia. Nikajua baada ya huu wimbo atafungua mdomo wake mwenyewe.

Nikainua upinde kutoka kwenye uzi. Mpigaji mwenyewe akasimamisha. Watu wakapiga makofi, hawakuwa wameona hilo.

"Simameni hapo!" nikauambia ukuta. "Mimi ni Wasonga wa uzi mmoja! Ndugu ya Sila! Sila ambaye Nairobi ilimwita akaikataa! Sila wa ziwa, Sila wa Seme, Sila wa Mchungaji! Anayetutenganisha sisi wawili hajazaliwa!"

Ukumbi ulipiga kelele mpaka mabati yakaitika. Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji Abuto aliinuka, nikasikia kiti chake kikianguka. "Na mimi ni Abuto," akanguruma, "mchungaji ambaye kondoo wake hatoroki!" Vigelegele tena. Mtu alianza wimbo wa shukrani. Sikusikia sauti ya Mama Risper katika hayo yote. Na nyuma yangu hakukuwa na sauti ya patipati. Zilikuwa zimesimama, karibu sana, ningeweza kunyoosha mkono nyuma nikagusa leso.

Kelele zilipopungua Sila alisema, kwa sauti ya mama mkwe, ile nyembamba ya kubana pua: "Mkwe wangu. Geuka unitazame."

Wee! Watu walianguka. Hilo ni jambo ambalo haliwezekani, mama mkwe kumwambia mkwe amtazame. Walidhani tumetunga kipande kipya. "Usigeuke, bwana!" mzee wa meno akapiga kelele. "Utapofuka!" Na mwingine, "Ruka majini! Ruka!" Mimi nikaukazia macho ule ufa.

Akasema tena, na mara hii haikuwa sauti ya mama mkwe, na hakuisema kwa ukumbi. "Wasonga. Geuka."

Nilikuwa na shingo nzima. Hakuna kilichonishika. Niliweka upinde kwenye uzi nikaendelea na ule wimbo pale nilipoachia, kama mpigaji anavyopaswa kufanya.

Nikasikia patipati. Pata, pata, pata, hazikuharakisha. Zilipita upande wangu wa kulia, zikafika kwenye simenti ya mlango wa pembeni, halafu zikabadilika sauti, ni kokoto, halafu ni vumbi, halafu sikuzisikia. Watu bado wanacheka. Mama mkwe ameshuka mashua kabla ya ufuko, anatembea juu ya maji, wanangoja azunguke aingie kwa mlango mkubwa. Nikapiga mstari wake wa kwanza nikamwachia nafasi aimbe. Kimya. Nikaurudia. Nikaurudia tena. Kicheko kilikuwa kinapungua benchi kwa benchi, kuanzia mbele. Nikaurudia.

"Wasonga," Mama Risper akasema, bila kupaza sauti, "unampigia nani?"

Ndipo nikageuka. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, jua limelala kwenye simenti, na kuku mmoja alikuwa amesimama kwenye kizingiti, anatazama ndani.